Kujifunza Kuinuka

Jumapili ile ilikuwa ya Chakula cha Bwana, mwezi wa Septemba, na upepo wa Dodoma ulikuwa unapuliza vumbi mpaka ndani ya kanisa. Washarika walikuja madhabahuni kwa mafungu, wakapiga magoti, wakapokea, wakabarikiwa, wakaondoka. Fungu la nne liliinuka lote isipokuwa bibi mmoja. Alikuwa amepiga magoti pembeni kabisa, na magoti yake yalikuwa yamekataa. Aliweka kiganja chini, akajaribu, akarudi. Kwaya iliongeza ubeti. Tulidhani bado anaomba. Alipojaribu mara ya tatu tukaelewa, na wazee wa kanisa wawili, wanaume wenye nguvu na nia njema, wakamwendea haraka, wakamshika kwapani huku na huku, wakamnyanyua kama gunia la mtama. Kanga yake ikaanguka. Kanisa zima liliona.

Hatukumwona tena madhabahuni kwa miezi saba.

Tunaandika kwa neno "sisi" kwa sababu kosa lilikuwa la wote: mchungaji aliyeshika kikombe, mwinjilisti aliyesimama naye, wazee wa kanisa waliomnyanyua, na kwaya iliyoendelea kuimba. Jina lake lilipotajwa katika baraza la wazee miongoni mwa washarika waliolegea, kila mmoja alikuwa na maelezo. Mmoja alisema labda amehamia kwenye maombezi. Mwingine alisema uzee humpoza mtu hata kiroho. Tukapanga kumtembelea, tukiwa na Biblia mkononi na maneno ya kuonya kwa upole.

Tulimkuta ameketi kitandani, mlango wazi, anachambua majani ya mlenda kwenye ungo. Aliziitikia shikamoo zetu kwa furaha, akauliza habari za watoto, akauliza kama mvua za mwisho zimefika kwenye mashamba ya zabibu. Tulipozunguka mpaka kwenye neno lililotuleta, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba mchungaji, mimi siogopi kupiga magoti. Naogopa kuinuka."

Akatueleza mengine. Ameacha kukaa mkekani na wajukuu. Ameacha kuchuchumaa jikoni. Usiku hanywi maji, asije akalazimika kwenda chooni gizani. Mara mbili alikuwa ameanguka nyumbani na hakumwambia mtu, maana akisema, wanawe watamkataza kutoka nje. Tulifunga Biblia tuliyokuwa tumeifungua mahali pa kuonya. Hakuwa amemwacha Bwana. Alikuwa amekaa mbali na Meza yake kwa sababu sisi tuliijua njia ya kumshusha mtu magotini, lakini hatukuwahi kufikiri atainukaje.

Njiani kurudi tulimkumbuka mzee tuliyemzika mwezi wa Juni wa mwaka uliotangulia. Alikuwa mwinjilisti mstaafu, mtu aliyezunguka vijiji vingi kwa baiskeli. Alianguka usiku kati ya kitanda na mlango. Hospitali haikuona mfupa uliovunjika. Lakini aliangukia saruji, katika baridi ile ya Juni ambayo wageni wa Dodoma hawaitegemei, na akalala pale mpaka kulipokucha kwa sababu hakuweza kuinuka na sauti yake haikufika kwa majirani. Mtu akilala muda mrefu sakafuni, mwili hupoteza joto na maji, misuli na ngozi iliyogandamizwa huumia, na mapafu hayapumui vizuri. Yeye alipata nimonia na hakutoka kitandani tena. Katika mahubiri ya mazishi tulisema Bwana alitoa na Bwana ametwaa, na hilo ni kweli. Hatukusema kwamba alilala usiku kucha, hatua nne kutoka kwenye kiti, na kwamba hakuna aliyewahi kumwonyesha namna ya kukifikia.

Wala si habari ya usharika mmoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, wengi wao wakiwa na zaidi ya miaka 60, na kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Sisi wachungaji tunaviona vifo hivyo lakini tunaviita kwa jina jingine. Tunasema, "Mzee alikuwa amechoka."

Zamani sakafu haikuwa adui katika nchi hii. Wazee wa Ugogo walijenga tembe, nyumba ile ya kuta za miti na udongo na paa la udongo lililo tambarare, na ndani yake maisha yalikuwa chini. Walilala juu ya ngozi ya ng'ombe. Mwanamke alisaga uwele na mtama juu ya jiwe akiwa amepiga magoti. Watu walikula wakiwa wameketi chini au juu ya kigoda kifupi. Mama wa namna hiyo alishuka na kuinuka mara nyingi kila siku tangu utoto, na hakuna aliyeyaita mazoezi. Yalikuwa kazi.

Sasa tazameni tulivyo. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Ilichukua miongo mingi, lakini tangu 2016 serikali imehamia kweli, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Vijana wetu wamepata kazi, wamejenga Ilazo, Kisasa na Nzuguni, na wengi wamewakumbuka wazazi wao, jambo ambalo Amri ya Nne inawadai. Wanamleta mama kutoka Bahi au Mpwapwa, wanampa chumba chenye kitanda kirefu, wanamketisha kwenye sofa laini mbele ya televisheni. Hawamruhusu kushika hata ufagio. Sakafu ni ya marumaru, na ikimwagikiwa maji ya sabuni ni kama kamasi ya bamia. Asubuhi na mapema wao wanakwenda ofisini Mtumba, watoto wanakwenda shule, na mama anabaki peke yake mpaka jioni.

Hatuwalaumu vijana hawa, wanatenda kwa upendo. Lakini upendo huohuo umemwondolea mama vitu viwili kwa pamoja: sakafu ya udongo isiyoteleza, na kazi iliyokuwa inayatunza mapaja yake. Ongeza na macho. Katika mkoa wetu, hasa upande wa Kongwa, vikope vimewasumbua watu kwa vizazi vingi, na wanawake zaidi ya wanaume kwa sababu ndio wanaokaa na watoto wadogo wenye maambukizi. Mtu aliyepungukiwa na nuru ya macho hakioni kizingiti. Basi anaanguka mara moja, anaogopa. Kwa kuwa anaogopa, haendi popote. Kwa kuwa haendi popote, miguu inalegea. Na kwa kuwa miguu imelegea, anaanguka tena. Mhubiri katika sura ya 12, anapoueleza uzee, anataja pia vitisho vya njiani. Tulikuwa tumeisoma sura hiyo mara nyingi makaburini bila kufikiri kwamba hofu ile inaweza kutibiwa.

Tulimwomba binti mmoja aliyelelewa katika shule yetu ya Jumapili, ambaye sasa ni mtaalamu wa fiziotherapia, aje kwetu baada ya maombi ya Jumatano. Alikuja na mkeka mmoja na kiti kimoja cha mbao. Tulidhani ataanza na wazee. Badala yake alituita sisi viongozi mbele na kutuambia tukae chini, kisha tuinuke bila kushika kitu chochote, wala goti wala mkono.

Akina mama walicheka mpaka wakafuta machozi. Sisi tulio katika miaka ya arobaini, tunaopanda na kushuka mimbarani kila wiki, tulihitaji goti moja na mkono mmoja, na mwinjilisti alihitaji yote mawili na jina la Bwana juu yake. Binti yule akatueleza kwamba hicho ni kipimo halisi. Daktari Claudio Gil Araújo wa Rio de Janeiro, Brazil, pamoja na wenzake, waliwapima hivyo watu 2,002 wenye umri wa miaka 51 hadi 80. Alama zote ni 10: tano za kukaa na tano za kuinuka, na kila mkono au goti linalotumika kujiegemeza linapunguza alama moja. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2012 waliona kwamba waliopata alama za chini walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufariki katika miaka iliyofuata. "Lakini," akasema, "kipimo si unabii. Kinawaambia tu kwamba kuinuka ni nguvu, na nguvu hutunzwa kwa kutumiwa."

Kisha akawaita wazee, na jambo la kwanza lililotushangaza ni kwamba hakumlaza mtu yeyote sakafuni. Alianza mwisho. Wiki ya kwanza walisimama mbele ya kiti kizito kilichoegemezwa ukutani, wakaweka mikono yote miwili juu yake, wakashusha goti moja mpaka kwenye mto, wakainuka. Basi. Wiki zilizofuata, waliokuwa wamezoea hilo walishuka mpaka magoti mawili. Baadaye mpaka mikono na magoti, kama mtoto anayetambaa. Baadaye mpaka kukaa kwa ubavu, halafu kulala kwa ubavu, na mwisho kabisa kulala chali. Hivyo kila aliyeshuka hatua moja alishukia mahali ambapo njia ya kurudi alikuwa ameshaijua. Hakuna aliyeachwa chini bila njia ya kurudi. Tulitamani mafundisho yetu ya toba yangekuwa na hekima kama hiyo.

Njia yenyewe, ikiisha kujifunzwa, ni hii. Ukianguka, usikurupuke. Tulia, vuta pumzi, jikague kuanzia kichwani mpaka miguuni. Ukiona hujaumia, kunja magoti, geuka ubavu. Jisukume kwa kiwiko, kisha kwa kiganja, mpaka ukae kwa ubavu. Nenda kwenye mikono na magoti. Tambaa mpaka kwenye kitu kizito kisichotembea: kiti imara, kitanda, kinu kilichojaa. Weka mikono yote miwili juu yake. Leta mbele mguu wenye nguvu zaidi, wayo wote ukanyage chini. Sukuma kwa mikono na mguu kwa pamoja, geuza makalio, keti. Usisimame mara moja. Kaa mpaka kizunguzungu kipite. Mwenye magoti mabovu huwekewa kanga iliyokunjwa, au hujisogeza kwa makalio mpaka kwenye ngazi au kitanda kifupi. Na mwenye mifupa dhaifu au aliyefanyiwa upasuaji karibuni, aulize kwanza kwa daktari.

Kisha akafundisha sehemu ambayo sisi tungeisahau: wakati wa kutoinuka. Nyonga ikiuma sana, au mguu ukionekana umekuwa mfupi na umepindukia nje, usijaribu kuinuka wala usikubali kunyanyuliwa. Vuta nguo yoyote iliyo karibu ujifunike. Piga kelele, na sauti ikikosa, gonga kitu. Sogeza vidole na mguu mzima. Ngoja.

Wiki ya tatu mzee mmoja alisimama. Ni mtu tunayemheshimu, aliyeanza nasi tangu kanisa letu lilipokuwa chini ya mti. Alisema, "Mchungaji, nina swali. Kujifunza kuanguka si kujitabiria mabaya? Sisi tunamwomba Mungu atushike tusianguke. Sasa tunatandika mkeka na kulala chini. Imani iko wapi?"

Hatukuwa na jibu la haraka, na tunashukuru kwamba hatukumpa la haraka. Tulijua kwamba wengi walikuwa na swali hilohilo moyoni. Katika nchi yetu mtu akitaja jambo baya anaambiwa asilitaje lisije likatokea. Mahubiri mengi siku hizi ni ya kusimama tu, kushinda tu, kupanda juu tu. Anayeanguka hukaa kimya, kama bibi yule alivyonyamazia maanguko yake mawili.

Jumatano iliyofuata tulifungua Maandiko pamoja. Biblia haifichi anguko la mzee. Kuhani Eli, mwenye miaka 98 na macho yaliyopofuka, alianguka kutoka kitini akafa, na habari yake imeandikwa wazi katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Halafu tulifungua Katekisimo Ndogo, kitabu ambacho yule mzee mwenyewe alikifundisha kipaimara kwa miaka mingi. Luther alikiandika mwaka 1529 baada ya kukagua sharika na kuhuzunika kuona watu hawajui hata misingi ya imani. Katika sura ya Ubatizo anauliza maana ya ubatizo wa maji, naye anajibu kwamba ni utu wa kale kuzamishwa ndani yetu kwa toba na utu mpya kutokea na kuinuka, na kwamba jambo hilo ni la kila siku.

Tulimwomba mzee atusaidie: kwa nini Luther aliandika kila siku? Alifikiri. Akasema, "Kwa sababu kila siku tunaanguka." Tukamwuliza kama Luther alikuwa anawatabiria watu dhambi. Akatabasamu, akasema hapana, alikuwa anawajua watu.

Hatukusema zaidi. Kwa Mlutheri, kujizoeza kuinuka si jambo geni. Toba yetu si ajali inayotokea mara moja maishani kwa mtu mbaya. Ni zoezi la nyumbani, la asubuhi na jioni, la mtu aliyekwisha kupendwa. Anayekiri Jumapili kwamba ametenda dhambi hajitabirii. Anajua yuko wapi, anaijua njia, na anamjua anayemngoja. Kama tunaweza kusema hayo juu ya roho, kwa nini tuone haya kuyasema juu ya magoti?

Lakini mmoja wa vijana aliyekuwa akisaidia kutandika mikeka aliuliza kwa upande mwingine, na hili lilikuwa gumu zaidi. Kama mtu anajiinua mwenyewe kwa mazoezi, neema iko wapi? Petro hakumfundisha kiwete wa mlango wa hekalu kutambaa mpaka kwenye kiti.

Ni kweli. Chuoni tulifundishwa kutazama kitenzi anachokitumia Marko. Yesu anamshika mkono mkwewe Simoni na kumwinua. Anamwambia binti Yairo ainuke. Anamshika yule kijana aliyeonekana kama amekufa, anamwinua, naye anasimama. Kitenzi ni kilekile katika Kiyunani, na ndicho kinachosikika tena kaburini asubuhi ya Pasaka. Kila aliyeinuliwa katika Injili ile ameonja mapema asubuhi hiyo. Kuinuliwa ni kazi ya Mungu mwanzo mpaka mwisho. Lakini angalieni inavyofanyika. Petro anamshika yule mtu mkono wa kuume, na nguvu inakuja katika miguu ya yule mtu mwenyewe. Hambebi mgongoni kumwingiza hekaluni. Na Eliya, alipolala chini ya mti nyikani akitaka kufa, malaika hakumvuta. Alimgusa, akaweka mkate na maji karibu na kichwa chake, akamwacha alale tena, kisha akarudi kumgusa mara ya pili. Neema haina pupa.

Hapo tuliwaona upya wale wazee wawili wa kanisa waliomnyanyua bibi kwapani. Walifanya tulivyozoea kufanya sote, na si kwa mwili tu. Mshirika akianguka katika ulevi, katika ndoa, katika deni, tunamkimbilia, tunamshika mahali pasipofaa, tunamsimamisha mbele ya kanisa kabla miguu yake haijawa tayari, ili ibada iendelee. Baadaye tunashangaa kwa nini harudi. Binti yule alitufundisha kwamba kumvuta mzee kwa mikono kunaweza kumuumiza bega lake na mgongo wako pia. Anayesaidia alete kiti kimoja mbele na kingine nyuma, akae karibu, aseme kwa sauti ya utulivu, na amwache mwenyewe afanye anachoweza. Swali la kwanza ni moja: "Bibi, nikusaidie vipi?"

Tukabadilisha mambo machache. Katika ncha zote mbili za madhabahu tuliweka benchi fupi zito la mninga, kwa kuwakumbuka Haruni na Huri, ambao kabla ya kuitegemeza mikono ya Musa walimwekea kwanza jiwe la kukalia. Tulitangaza kwamba anayetaka kupokea akiwa ameketi au amesimama, apokee hivyo. Magoti si sharti la sakramenti. Tuliiomba kwaya isiongeze sauti mtu anapochelewa kuinuka, iimbe tu kama kawaida. Ibada imeongezeka kama robo saa. Wapo waliolalamika, hasa wenye daladala za kuwahi, na malalamiko yao tunayasikia bado.

Bibi alirudi. Kwa muda alipokea akiwa ameketi. Jumatano alikuja mkekani bila kukosa, na nyumbani alimwita mjukuu akae karibu wakati anajaribu. Jumapili ya Pasaka ya mwaka uliofuata alipiga magoti pale pembeni mahali pake, akapokea, akaweka mikono miwili juu ya benchi, akaleta mguu wa kulia mbele, akainuka. Ilichukua ubeti mmoja na nusu. Hakuna aliyemgusa. Mmoja wa wale wazee wawili alikuwa amesimama hatua moja nyuma yake, mikono imefungwa, na alituambia baadaye kwamba katika utumishi wake hakuwahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kungoja.

Tungependa kumalizia hapo, lakini haikuishia hapo. Mwezi wa Julai, saa kumi alfajiri, bibi aliteleza karibu na mlango wa chumba chake. Nyonga ilivunjika. Mazoezi hayakuuzuia mfupa. Lakini alikumbuka la kwanza, kutokurupuka, na alikumbuka la mwisho, kutoinuka. Alivuta kanga kutoka kitandani akajifunika. Akaufikia mfuniko wa sufuria, akaugonga sakafuni kwa mwiko, akapumzika, akaugonga tena, mpaka mtoto wa jirani aliyeamka kwenda kuchota maji akasikia. Kulipokucha alikuwa tayari hospitalini. Alifanyiwa upasuaji, na sasa anatembea kwa fremu, polepole, mpaka kwenye mwembe wake na kurudi.

Tulipompelekea Chakula cha Bwana nyumbani, tulijisikia kama watu walioshindwa. Yeye hakuona hivyo. Alisema, "Wanangu, usiku ule sikuogopa. Nilijua la kufanya, na nilijua mtakuja." Kisha akatuuliza kama mkeka bado unatandikwa.

Unatandikwa. Si wote wanaokuja. Wawili wameacha, mmoja amefariki kwa ugonjwa mwingine. Yule mzee aliyeuliza kuhusu kujitabiria huja na kigoda chake mwenyewe, hukaa pembeni na kusema amekuja kutazama tu, lakini mkewe ametuambia kwamba nyumbani ameshafika kwenye magoti mawili.

Ndugu msomaji, kama una mzazi nyumbani, muulize jioni ya leo kama ameanguka karibuni, na umuulize kwa namna ambayo hataogopa kukujibu. Tazama kama karibu na kitanda chake kuna kitu kizito anachoweza kukishika, na kitu anachoweza kukigonga. Kaa chini pamoja naye, kama anaweza, na mwinuke pamoja. Kama wewe mwenyewe bado una nguvu, anza sasa, mtu mwingine akiwepo nyumbani.

Kuna kuinuka kumoja ambako hakuna mkeka wa kukufanyia mazoezi. Tunakutangaza kila mara tunaposimama kaburini na kutupa udongo mara tatu: siku ile Bwana mwenyewe atanyoosha mkono, na hakuna goti litakalokataa. Mpaka siku hiyo tunakutana kila Jumatano, saa kumi jioni, baada ya maombi. Aje na kanga ya kuweka chini ya magoti.